Wamalwa, Aliyemwamrisha Karani

Watu wengi hawajui kwamba bila mimi, Miraji wa Bondeni, seva yetu, hili kundi la mtandaoni la wachezaji wa mpira wa skrini, isingetoka Nakuru ikafika hata Naivasha. Mimi ndiye niliyewaleta watu. Lakini nimeombwa niandike kuhusu Wamalwa, basi tuandike kuhusu Wamalwa.

Ndugu Wamalwa Makhanu alistaafu rasmi tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia seva miaka minane akiwa msimamizi wa Karani. Kwa wageni wetu wa leo: Karani si mtu. Ni roboti inayokaa ndani ya seva. Ukiandika kile kistari cha kulala upande (/), kisha neno "ratiba", anakuletea mechi za siku. Ukiandika "msimamo", anakuonyesha nani anaongoza ligi. Amri zote hizo alizitunga Wamalwa, huku akisaga mahindi ya watu pale posho mill, simu yake nyeupe kwa unga.

Wanamsifu sana kwa ile siku vijana wa Naivasha walitutukana baada ya kufungwa nusu fainali. Wamalwa aliandika amri moja tu, "nyamaza", na seva nzima ikafungwa mdomo, Kipchirchir wao akiwa katikati ya tusi. Mpaka leo hatujui lingeishaje. Tangu hapo watu wanamwita Mkuu wa Wilaya. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshaanza kuwatuliza, nilibakisha kidogo tu, lakini hakuna aliyeniita hata chifu.

Karani mwenyewe, Wamalwa akiingia, alikuwa anatangaza: "Mwenyeji amefika." Mimi nikiingia, hata kikohozi.

Sasa, jambo moja sikumwachia. Wengine wote walimwamrisha Karani kwa kistari, kama mtu anayefukuza mbuzi. Mimi nililelewa. Kila Jumapili niliandika: "Habari ya asubuhi, Karani. Wa nyumbani wazima? Naomba ratiba." Na kabla chai haijapoa, ratiba hiyo! Adero, mmoja wa vijana wetu, alinicheka mbele ya watu wote: "Anko, hiyo ni mashine, haina nyumbani." Nikamjibu kwamba hata mashine ikiheshimiwa humjua bwana wake. Nilizunguka Bondeni yote nikieleza kwamba roboti yetu inasikia adabu, na tena inasikia yangu peke yake.

Kwa hivyo Wamalwa alipotangaza anarudi Kabazi kulima, nilijua kiti ni changu. Nilishanunua shati. Kamati ikampa Cheptanui, msichana wa kutengeneza simu. Haya.

Jumapili iliyofuata nilimsalimia Karani kama kawaida. Kimya. Nikaulizia watoto. Kimya. Nikasema moyoni, huyu Wamalwa ameniharibia jina kwa roboti, wivu umemshika. Nikampigia. Alicheka hadi akakohoa. Kumbe miaka hiyo yote, akiona salamu zangu, yeye ndiye alikuwa anaacha kinu kikinguruma, anaandika amri kwenye chumba cha wasimamizi mle ndani ya seva, na jibu linatokea kwetu kama vile nimejibiwa mimi. Nilipomwuliza kwa nini, akasema tu: "Sasa mzee, ningekuacha uaibike mbele ya watoto?"

Ndugu yetu, seva yote inakushukuru. Mahindi yako yajae ghalani, viazi visipate baridi, na mtandao ukufikie hata kule mteremkoni kwenu. Pumzika kwa amani ya moyo, umeifanya kazi.

Ila kistari chenyewe, niseme ukweli, bado sijakipata kwenye simu yangu, na Cheptanui siwezi kumwuliza. Kwa hivyo: habari ya asubuhi, Wamalwa. Wa nyumbani wazima? Naomba ratiba.