Kipande cha Mdomo kwa Jicho la Jeconia

Chokaa ya kupaka ukuta ilimuunguza Jeconia jicho hadi kope likagandamana nalo, na leo alikuwa kwenye basi la kutoka Kibera akienda kupasuliwa jicho hilo. Mama muuza samaki wa omena aliyeketi kando yake, aliposikia safari hiyo, alimuuliza, bila kujuana, "Utatiwa jicho la maiti? Kwetu mtu huzikwa kamili. Mwenyewe atakuja kulidai."

"Si la maiti, mama. Watatoa ngozi laini ndani ya mdomo wangu mwenyewe, waishone hapa, kope lisigande tena."

"Ngozi ya mdomo itajua kuona?"

"Kuona ni kazi ya jicho. Ngozi italipatia jicho nafasi ya kufunguka."

Abiria wa mbele waliacha kujifanya hawasikii.

"Na ukilia, yatatoka machozi au mate?" mama aliuliza.

Hilo Jeconia hakuwa amemuuliza daktari. Basi likasimama hospitalini.

"Nitalia kwanza, halafu nikwambie," alisema, akateremka bila kushikwa mkono.