Mawe Manne ya Redio

Redio ilikuwa ya Kalondu, lakini haikuwa na mawe ya betri. Na siku hiyo Kenya ilikuwa inacheza, na basi zima la kwenda Tulia lilitaka mpira. Ndipo wazee wawili waliokaa kulia na kushoto kwake wakatoa mawe kwenye tochi zao, kila mmoja mawili. Ya Nzomo, mkulima, yalikuwa ya chapa ya Swara. Ya Abdulkadir, mwenye duka, yalikuwa ya Mnara.

"Hizo betri zako zitatoa maji ziharibu redio ya mama huyu," Nzomo alionya. "Za Mnara zilikula tochi yangu mpaka ikaoza."

"Afadhali maji, mzee. Jirani yangu aliweka za Swara kando ya jiko zipate nguvu. Moja ikapasuka, paka wake akahamia kwetu. Mpaka leo yuko."

"Kando ya jiko? Mawe huanikwa juu ya mabati, bwana!"

Kalondu akaongeza sauti, maana Kenya ilikuwa imepata penalti dakika za mwisho. Basi likanyamaza, hata kuku. Mtangazaji akasema, "Anarudi nyuma, anakimbia, anapi—"

Redio ikakata roho.

"Ni zako!"

"Zangu? Ni zako!"

Walibishana hivyo hadi Tulia. Basi liliposimama, kila mmoja akachomoa mawe yake mawili, akayapangusa kwa heshima kama watoto waliosingiziwa, akashuka. Kalondu akabaki na redio tupu mapajani, abiria wote wakimkazia macho yeye, wakingoja awaambie kama bao limeingia.