Mikono Iliyopiga Luti

Ndugu zangu, nimeombwa nishukuru baada ya mazishi ya mume wangu. Nitashukuru, lakini kwanza mtanisikiliza nikiwa na hasira zangu.

Mume wangu mlimjua. Padre mmoja mgeni alimfundisha gitaa hapa Arua, muziki wa noti, vidole vitupu bila kuimba. Padre alipofukuzwa nchini, alimwachia luti yake, lile gitaa la zamani lenye mgongo wa duara kama kibuyu kilichopasuliwa. Jumapili aliwapigia hapa kanisani, mkafurahi.

Kisha wanajeshi wakamwita kwenye karamu yao. Mkubwa mmoja, simtaji, akataka asifiwe. Mume wangu akajibu, "Afande, hii chombo haina maneno ya kusifu mutu." Wakauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, wakaupiga kwa kitako cha bunduki.

Nawaambia, vidole vile havikukunjika tena. Akazama katika pombe, ile waragi kali. Na ninyi? Katika kanisa hili zima hakuna aliyebisha hodi kwetu. Mliogopa, najua. Mimi pia niliogopa. Nikaacha kusali, na sikuona haya.

Siku moja nikirudi kutoka shambani Midia, nikamkuta ameshika shoka, luti iko miguuni pake.

"Hii sasa iko kuni," alisema.

Nikamnyang'anya luti. Nikaketi nayo, nimeishika vibaya kama mzigo. "Haya, niambie vidole vinakaa wapi."

"Wewe? Vidole yako iko ya jembe."

"Vinakunjika. Niambie."

Nilipiga ovyo mpaka yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu aumizwe. Kesho yake ndiye aliyeniamsha. "Kuja. Kidole ya tatu inalala." Siku ile hakugusa chupa. Baadaye alianguka tena, sitawadanganya, akainuka tena. Alikufa hanywi, na vijana wa Onduparaka aliowafundisha kwa mdomo wake na mikono yangu ndio waliompigia kaburini.

Sasa shukrani. Aliyemfunga mume wangu mkono na kutuletea uji ni mama wa Kinubi, Mwislamu, ambaye kaka yake alikuwa jeshini. Alikuja mchana, watu wakimwona. Leo jeshi lile limeshindwa, kaka yake amekimbia, nanyi mnamkunjia uso sokoni kana kwamba bunduki aliishika yeye.

Mtu akiumizwa, nendeni kwake angali hai. Sina fundisho lingine. Mama huyo amekaa pale nje, kwenye ngazi. Amina zenu ziwekeni kwanza, tokeni mkamsalimie.