Mtumbwi wa Harusi ya Kokugonza

Kuna jambo moja ambalo Ildefons hakuwahi kulipatia jibu, na asubuhi ya Alhamisi, mwaka wa mvua za Elnino, alikwenda nalo kijiweni Kamachumu. Mtumbwi wake wa kukanyagia ndizi za pombe, ambao shemeji yake aliuazima akaenda kutilia chumvi sangara kisiwani Goziba, ulikuwa umerudi ukinuka. Aliuosha mara nne, akausugua kwa majivu, mwisho akautia mkaa uliopondwa na kuufunika kwa majani ya mgomba. Alfajiri ya Jumatano harufu haikuwepo. Jua la mchana lilipoupiga, samaki wakarudi wote. Na Jumamosi Kokugonza, binti wa marehemu kaka yake, anaolewa: harusi ya kwanza kitongojini baada ya miaka mitatu ya matanga. Ndizi zimeshaiva shimoni. Lubisi, pombe hiyo ya ndizi, isipokanyagwa leo, wageni watakunywa maji.

Rozi, mwenye birika, alimmiminia kahawa kabla hajakaa. Kwenye benchi walikuwepo Muharami, fundi wa malori, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi, na Karugendo, mwalimu wa kemia, aliyeitwa Gramu.

— Waitu, Mwalimu, Ildefons aliuliza, harufu ikiingia kwenye mkaa inakwenda wapi?

Gramu: Haiingii. Inagandia. Mkaa umejaa vitundu, na kila kitundu kina kuta. Hewa ikipita karibu, ukuta unaivuta. Ubaridi unaishika, joto linaiachia.

Redio: Kama mgeni. Ukimpa blanketi haondoki.

Gramu: Kinyume chake, Redio. Akipata joto ndiyo anaondoka.

Redio: Basi huyo si Mhaya.

Rozi alicheka hadi birika likatikisika.

Gramu: Tena nimesoma kwenye jarida alilonipa padri. Siku hizi wanatengeneza mirija ya kaboni, ndugu yake mkaa. Unywele mmoja upasue mara elfu hamsini, huo ndio unene wa mrija. Hewa inagandia nje, ndani, hata kwenye mifereji kati ya mrija na mrija. Wanataka kuhifadhi humo gesi ya kuendeshea magari.

Redio: Nilijua! Lori linajazwa mkaa, linanusishwa petroli mara moja, linafika Bukoba na kurudi.

Gramu: Sikusema hivyo.

Redio: Lisemwalo lipo. Na wewe Ildefons, samaki mkunje angali mbichi.

— Methali hiyo inahusu watoto, Ildefons alisema.

Redio: Na harufu ni mtoto wa nani? Si wa samaki?

Ildefons hakucheka. Alikuwa anafikiria jinsi pombe inavyopata joto ikichachuka. Kama mbao nazo zina kuta, zitaachia sangara wote ndani ya kibuyu cha wakwe.

— Mwalimu, nikiongeza mkaa?

Gramu: Utapunguza. Kumaliza, siahidi. Azima mtumbwi mwingine.

— Wa Rwegasira umepasuka. Wa kule bondeni uko msibani.

Rozi alisema polepole, akiangalia vikombe:

— Kwa marehemu Pastory upo. Mzuri, wa mti mmoja.

Pastory alikufa kwa ugonjwa ule miaka miwili iliyopita, na mjane wake, Ephrasia, alibaki peke yake.

Redio: Mwalimu mwenyewe kasema vitu hugandia mbao. Kama harufu inagandia, ugonjwa je? Jua likipiga, joto likiachia...

Gramu: Ukimwi haukai kwenye mbao, Muharami. Hilo nafundisha kila mwaka.

Redio: Unafundisha. Umekwenda?

Gramu akainama kwenye kikombe chake.

Mwanamke aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi akiegemea tenga lake la dagaa, Minza, Msukuma aliyesubiri gari la Izigo, akageuka.

— Samahani baba zangu. Huyo mama, nani alimwamkia mara ya mwisho?

Wakatazamana. Ildefons alijaribu kukumbuka. Mlangoni pa kanisa alimpungia mkono, lakini ilikuwa kwa mbali, na hakuwa na hakika kama ilikuwa Pasaka hii au ile.

— Rozi, alisema, niwekee kikombe changu. Nakwenda kwa Ephrasia kuomba.

Redio: Na akikupa, nani atakanyaga?

— Harusi ya mtoto wangu. Nitakanyaga mimi.

Gramu: Kwa goti lako hilo bovu?

Walikwenda wote watatu. Ephrasia aliwasikiliza, akawaacha wamalize, kisha akawaonyesha mtumbwi uliofunikwa vizuri nyuma ya nyumba, akasema atakuja nao kupima maji, kwa sababu wanaume huzidisha.

Kufikia saa sita ndizi zilikuwa ndani. Ildefons alimenya, Gramu alikata nyasi za kukamulia, Ephrasia alipima maji. Aliyenawa miguu na kuingia kwanza kukanyaga alikuwa Redio, akiongea bila kupumzika.