Shangazi Alipokuja Kunikanda

Bwana asifiwe sana, mama zangu! Asifiwe na wewe uliyekaa karibu na mlango, ila ufunge kwanza huo mlango. Mchungaji tumemwomba atupishe, wazee wa kanisa nao wametupisha, kwa sababu ninayotaka kushuhudia leo ni ya sisi kwa sisi. Wenye watoto wakubwa wawatoe wakacheze nje. Haya. Haleluya!

Mnanijua. Mimi ni Mama Ezekia, fundi cherehani wa hapa hapa Kasingirima. Nusu ya magauni yaliyo mbele yangu nimeyashona mimi, na mengine naona mmeyabana kiuno bila kuniuliza. Mnanijua kwa kuongea pia. Nikianza stori, mteja anasahau alichokuja kuchukua. Lakini kuna jambo moja lilinifunga kinywa, ndugu zangu, likanifunga kabisa, na nusura linimalize.

Mume wangu alifariki mtoto wetu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mtoto huyo nilimzaa kwa shida, kwetu Kalinzi, mvua inanyesha, njia ya kushuka haipitiki. Nilichanika huko chini. Nilishonwa baadaye, lakini palipona vibaya. Shavu moja la uke likabaki refu, limevimba, limekaa upande na kovu gumu. Nasema shavu la uke. Msiinamishe vichwa, sote tunayo! Mungu hakuona aibu kuyaumba, sisi tunaona aibu kuyataja.

Sasa fikirini mtu wa cherehani mwenye shida hiyo. Nakaa asubuhi, nakanyaga pedali, na ikifika mchana ngozi imechubuka inatoa majimaji. Narudi nyumbani natembea kama bata. Pikipiki sikuweza kupanda. Na kwenye misiba, ndugu zangu, ndiko nilikoumia kuliko kote, maana mnajua sisi kwenye msiba tunakaa mkekani, bega kwa bega, tunalia pamoja na kuongea pamoja hadi jioni. Mimi nilikuwa nasimama nyuma, au najidai naosha vyombo. Siku moja nikamsikia mtu, na yumo humu ndani, nimeshamsamehe, anasema: "Mama Ezekia siku hizi anaringa. Mkeka wetu unamchafua." Niliendelea kusugua sufuria.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa peke yangu katikati ya watu. Nilipungua kidogo kidogo. Nikaacha vikoba, nikaacha kwaya, nikaacha kutembelea wagonjwa. Mlisema nimepoa kiroho. Sikupoa! Nilikuwa naumwa.

Bwana akanifungulia njia ya kwanza. Hospitali ya mjini alikuwapo daktari bingwa wa akina mama, mwanamke mwenzetu, akanikagua bila kukunja uso. Akasema shida yangu inarekebishika kwa upasuaji mdogo, kupunguza ile nyama iliyozidi na kutoa kovu. Nikamwuliza kwa woga kama huko si kukeketwa. Akacheka kidogo, kisha akawa makini. "Hapana mama. Ukeketaji ni kumharibu mtu mwenye afya yake. Wewe umeharibika tayari, sisi tunarekebisha." Kisha akaniuliza nani ataniuguza. Nikamjibu, "Wapo."

Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimeshasikia kichwani maneno yote ya mtaa kabla hayajasemwa: mjane huyu anarekebishwa huko chini kwa ajili ya nani? Amempata nani? Basi watoto nikawapeleka kwa bibi yao Kalinzi, nikamwambia nina operesheni ndogo ya kike, nikaishia hapo. Nikaenda hospitali peke yangu. Nikachomwa sindano ya ganzi, nikashonwa kwa zile nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, nikarudi na bajaji peke yangu, nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma, dereva akidhani nimelewa.

Naomba niwaambie hali inavyokuwa, kwa sababu mimi niliambiwa na nesi tu, tena haraka haraka. Ganzi ikiisha, maumivu yanakuja kama moto. Unavimba hadi unajiuliza wamepunguza au wameongeza! Upande mmoja unavimba zaidi ya mwenzake, panakuwa na rangi ya zambarau, na unaapa kwamba umeharibiwa maisha. Hujaharibiwa. Ndivyo mwili unavyofanya. Kukojoa kunachoma, kwa hiyo unajimwagia maji safi taratibu huku unakojoa, halafu unajikausha kwa kubonyeza kitambaa safi, husugui. Nguo za ndani za kubana unaziweka pembeni, unavaa kanga. Unaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kidogo unaitoa, kidogo unairudisha. Unalala umeinua kiuno kwa mto. Ndoo ya maji hubebi. Pikipiki usiiguse. Mambo ya chumbani, kwa mwenye mume, unayaacha zaidi ya mwezi, mpaka daktari akukague na kuruhusu, na mume akinuna mwache anune. Baadaye unaanza kuwashwa hadi unataka kulia, na hiyo ni dalili nzuri. Ila ukipata homa, au usaha wenye harufu, au damu isiyokoma, unarudi hospitali siku hiyo hiyo.

Hayo ni ya mwili. La upweke nesi hakuniambia. Nililala pale chumbani nikiwasikia majirani wanachambua dagaa na kucheka nje ya ukuta wangu, ukuta wa tofali moja tu, na sikuweza kuita. Nilikuwa na kiu na mtungi uko jikoni. Nilitambaa. Siku nzima hakuna aliyeita jina langu. Niliwahi kuzungumza na cherehani yangu, ndugu zangu, nikaiambia pole. Siku nilipojikongoja kununua barafu, jirani anayeiuza aliniuliza naipeleka wapi, nikamwambia kichwa kinaniuma. Akanipa pole ya kichwa. Niliitamani sana pole ya mahali penyewe.

Ndipo Shangazi yangu akashuka kutoka Kalinzi. Nilisikia hodi, na kabla sijajibu amekwisha kuingia na mzigo wa kuni kichwani, kana kwamba mjini hakuna mkaa. Ana chupa ya mawese na majani yamefungwa kwenye kanga. Nikasema, "Shikamoo Shangazi." Akasema, "Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Lala." Hakuuliza kitu. Akawasha moto uani.

Mnajua kilichofuata. Nani humu hajakandwa? Mwanamke akitoka kuzaa au mimba ikiharibika, kwetu hakuna kingine: maji ya moto. Taulo linachovywa, linakamuliwa, unakandwa tumbo, kiuno, mapaja, unapiga kelele na hakuna anayekuonea huruma. Kisha unakalishwa juu ya beseni la maji ya moto na chumvi. Na Shangazi kwa kukanda hana mpinzani, mikono yake ni ya kupalilia kahawa.

Nilijua kabisa haitakiwi. Nesi alisema pawe baridi na pakavu. Lakini ili nimkatalie Shangazi ilibidi nimwambie nimeshonwa wapi, na kwa nini. Nikaangalia ule uso wake, nikanyamaza. Nikakandwa. Nikakaa juu ya beseni. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilichagua kuungua kuliko kusema!

Kesho yake nilivimba mara mbili. Nyuzi za upande mmoja zikaachia. Damu ikapita kwenye kanga hadi kwenye godoro, na mwili ukaanza kutetemeka kwa homa. Nikajifunika ili asione. Mchana akaja tena na beseni, mvuke unapanda, amefurahi kwa sababu safari hii ameongeza majani. Nikawa natazama lile beseni linavyonikaribia. Sikuomba maombi marefu, ndugu zangu. Nilisema, "Yesu, nipe kinywa." Basi.

Nikapiga kelele. "Shangazi, weka chini hilo beseni!"

Akaliweka. Nikamwambia yote, kwa Kiha na Kiswahili vimechanganyika. Nikamwambia mahali kwa jina lake. Nikamwambia juu ya kovu, cherehani, mikeka ya misiba, daktari, nyuzi. Nikafunua kanga akaona. Nikamwambia sikufanya kwa ajili ya mwanaume, naapa mbele za Mungu, sina mwanaume, nilichoka kuumia tu.

Shangazi alikaa chini pale sakafuni. Kisha akasema: "Mimi nilijua umeharibu mimba."

Nikasema, "Mimba? Mimi mjane?"

"Ndiyo. Bibi yao alisema operesheni ya kike, nikajua ni hivyo. Nikasema, mtoto wa kaka yangu ameteleza, na hakuna wa kumkanda. Nikachukua kuni, nikaja."

Mama zangu! Hebu mnielewe hapo. Nilijificha ili nisifikiriwe vibaya. Kumbe huyu alishanifikiria vibaya kuliko wote, tena tangu akiwa juu Kalinzi, na akateremka mlima ule na kuni kichwani ili anikande. Hakuniuliza ni ya nani. Hakunihubiria. Alikuja. Nililia pale kwa kilio ambacho sikulia hata mume wangu alipozikwa. Nikamwelewa Bwana siku ile kuliko miaka yote niliyoimba kwaya, kwamba anayajua mabaya yetu, na hata tukisingiziwa yale tusiyoyafanya, bado anakuja tu.

Shangazi akafuta machozi kwa upande wa kanga. Akalitazama beseni. "Sasa unataka maji gani?"

"Ya baridi, Shangazi."

"Ungesema." Akaenda kuyamwaga uani.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji. Nililaza kichwa mapajani mwake, naye akagombana na dereva kila shimo, njia nzima, hadi yule kijana akaendesha kama amebeba mayai. Daktari akanikagua, akasema upande mmoja umeachia na hawezi kushona nyama iliyovimba vile, angezidisha. Akanipa dawa za vijidudu, akasema tusafishe, tukaushe, tungoje, patajifunga penyewe kutoka ndani. Nilimsubiri Shangazi aaibike. Badala yake akamshika daktari mkono: "Mimi ndiye niliyemkanda. Nifundishe, maana kule kwetu wapo wengine." Na daktari akakaa chini akamfundisha, pole pole, na Shangazi akawa anarudia kila neno.

Ilichukua muda mrefu, sitawadanganya. Palijifunga taratibu, pakabaki pagumu, pakalainika. Pande mbili hazifanani. Nikamwambia daktari, akasema hazifanani kwa mtu yeyote, niache kutafuta. Leo nakaa cherehani toka asubuhi hadi jioni na siumii. Msifuni Bwana! Nimepanda pikipiki hadi Kidahwe na kurudi, nikiimba, dereva akaniomba ninyamaze.

Lakini nimesema nitashuhudia kweli, nisipambe. Shangazi alirudi kwake, kahawa ilikuwa imeiva. Siku aliyoondoka nyumba ilinyamaza tena, na upweke ukakaa palepale kitandani unanisubiri. Kupona kidonda na kupona upweke ni vitu viwili. Watoto wamerudi, lakini bado kuna jioni naweka sahani moja tu mezani, hadi wanapoingia ndipo nakumbuka zao. Bwana bado ananishughulikia. Ila tangu siku ile ya beseni nimejua kwamba ukuta ule wa tofali moja nilikuwa naushikilia mimi kwa mikono yangu, na hata leo kuusukuma ni kazi. Ndiyo maana nilipoinuka hapa nilianza na mlango. Hamkuona? Shangazi ni mmoja, ninyi ni wengi. Anayetaka kwenda kusema mtaani aende, ila aseme sawasawa, asiongeze chumvi, nimeshakalishwa kwenye chumvi ya kutosha.

Namshukuru Mungu kwa yule daktari. Namshukuru kwa mikono ya Shangazi, pamoja na kuniunguza.

Sasa nasema na mmoja humu. Simjui ni nani, lakini najua yupo, kwa sababu nimeona namna mtu anavyokaa nusu kiti. Labda shida yako ni kama yangu. Labda ni mkojo unaovuja, au uvimbe kwenye ziwa unaoushika gizani na kuufunika. Umeshawaza tutakavyosema, na umetujibu wote kichwani mwako, na umeshindwa kesi kabla hatujafungua kinywa. Mama, mwamini Bwana, na mwamini mtu mmoja. Ibada ikiisha mimi siondoki. Nitabaki hapa nakunja vitambaa vya meza, sina haraka. Njoo usimame karibu yangu. Usiseme kitu kama huwezi. Nitajua, nitachukua kanga yangu, tutaondoka wote hadi hospitali, na daktari akikuuliza nani atakuuguza, geuka uninyooshee kidole.