Epifania Felisiani, Aliyekataa Kung'oa Jino Lisilo na Kosa

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Epifania Felisiani, Tabibu wa Meno, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na tisa kati ya hiyo hapa hospitalini Kasulu. Niliombwa nimwandike kuwa mtu mpole. Samahani, siwezi. Mpole hakuwa.

Alianza mwaka 1967 kule Kibondo akichemsha vifaa, kisha akasomea utabibu na kurudi na mkono mwepesi. Wafanyabiashara wa sokoni walikuwa radhi kuuguza jino siku mbili zaidi, mradi wang'olewe na yeye.

Machi 1993 aliletewa Vestina, msichana wa miaka kumi na sita kutoka Muyama. Taya lake lilitoa mlio wa kugonga kila alipofungua mdomo, na asubuhi nyingine liligoma kabisa kufunguka. Magego mawili yalikwisha kung'olewa. Maumivu yalibaki palepale. Shuleni alichapwa kwa kutojibu maswali. Nyumbani alikunywa uji peke yake jikoni, maana ndugu zake waliucheka mlio ule. Kwaya alikwisha kuiacha. Mama yake aliamini amelogwa. Mwalimu alisema anajifanya.

Mkuu wa kazi wa wakati huo aliamuru gego la tatu ling'olewe. Epifania aliweka vidole mbele ya masikio ya binti, akamwambia afungue na kufunga mdomo taratibu. Kisha akaweka koleo chini.

"Jino hili halina kosa. Kinachouma ni kiungo cha taya. Siling'oi."

"Ni amri," mkuu alisema.

"Basi ling'oe wewe, mimi nikikuangalia."

Hakuna aliyeling'oa. Epifania alipata barua ya onyo. Vestina alipata ushauri wa vyakula laini, kitambaa cha maji ya moto, mazoezi ya taya, na barua kali ya kumpelekea mwalimu mkuu. Baada ya miezi minne alikula ugali na wenzake. Mlio haukuisha, na Epifania hakuwahi kudai ameuponya. Leo Vestina anafundisha darasa la kwanza.

Tangu hapo Epifania aliwauliza vijana maswali tusiyoyauliza sisi wengine: Unakula na nani? Unalala? Unacheka mbele za watu? Kwa miaka mitatu, Kasulu na Kibondo, aliwahoji vijana arobaini na watatu wenye maumivu ya taya. Ishirini na sita walikuwa wameacha kula na wenzao. Kumi na wanne walikuwa wakikosa masomo.

Alipoyaleta hayo kwenye kikao cha hospitali kuomba kliniki, mjumbe mmoja alisema ni madeko ya vijana. Epifania alisimama. "Mimi nimewauliza arobaini na watatu. Wewe umemwuliza nani?"

Kliniki ya taya ilianza Septemba 1996, kila Alhamisi, katika stoo ya magongo. Magongo niliyahamisha mimi, kwa amri yake, na mgongo wangu haujamsamehe.

Sasa tunasikia minong'ono kwamba Alhamisi zitafutwa kwa kuwa mwenyewe anaondoka. Tunaandika hapa, hadharani: hazifutwi. Muuguzi Jeanne amefundishwa kazi, na Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi mlango utakuwa wazi. Anayetaka kuufunga aje atukute.

Asante, Bi. Epifania. Nenda Buhigwe ukapalilie kahawa yako, ulale mpaka jua lichomoze, uwe na afya na amani miaka mingi. Ubishi wako tuachie sisi. Bado tuna kazi nao.

Hashimu Saidi,
Ofisi ya Kumbukumbu za Wagonjwa