Rufus Wanyama, Fundi Rangi Aliyengoja Magari Matatu

Marehemu Rufus Wanyama alizaliwa Kimilili tarehe 12 Mei 1932, mtoto wa pekee wa Mama Nasimiyu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, baba yake alipofariki akaacha.

Mwaka 1950 aliingia gereji moja ya serikali mjini Kisumu. Miaka miwili alisugua msasa tu, wa tatu akapewa puti ya kuzibia mabonde ya bati, na wa nne ndipo akaruhusiwa kushika bomba la kupulizia rangi. Alifaulu mtihani wa ufundi wa Daraja la Tatu mwaka 1955, na la Pili mwaka 1959. Milango aliyoipaka iling'aa hata wenye magari wakichania nywele mbele yake.

Alimwoa Nerea tarehe 6 Desemba 1958, wakajaliwa Edah na Wafula.

Januari 1963 alihamishiwa Lamu. Karani aliyeandika uhamisho ule hakuuliza kisiwa kina magari mangapi. Kilikuwa na moja. Nalo Daraja la Kwanza, ambalo lingemrudisha bara, lilimtaka apake magari matatu. Jirani yake wa mtaa wa Wiyoni, Bi Mwanamkisi, alimwuliza, "Bwana Rufus, na ndia zenyewe za gari zi wapi hapa Amu?" Marehemu alicheka, maana kweli njia za gari hazikuonekana Lamu, akaandika barua kuomba alikwangue gari lile moja na kulipaka mara tatu. Akajibiwa kwamba magari matatu ni magari matatu. Siku hiyo hakucheka.

Akabaki kupaka milango ya ofisi na viti vya kanisa kwa brashi, kazi aliyoionea aibu. Shemeji yake Patroba, askari wa kituo cha Faza kwenye kisiwa cha jirani, kila mara alimwambia, "Vumilia, shemeji, yatakuja," ilhali alijua hakuna gari linalokuja. Leo anamwomba radhi.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1966. Kule Kisumu walipuliza rangi wamejifunga leso tu puani. Alilazwa Julai mwaka huu, akafariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 1968, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Nerea, watoto, Edah na Wafula, shemeji, Patroba, na mama yake mzazi, ambaye simu ya msiba haijamfikia. Katika barua ya mwisho marehemu alimwandikia kwamba magari yamefika, naye atarudi kabla ya Krismasi. Mama amekwisha kuikandika nyumba ya mwanawe.

Mola ampe fundi wetu pumziko.